Miaka 30 ya Tume ya Vijana ya San Francisco

Tarehe 7 Novemba 1995 wapiga kura wa San Francisco walikuwa na kazi nyingi mbele yao. Walikuwa wakichagua meya. Walikuwa wakiamua pia kama waachane na katiba ya jiji iliyotumika tangu 1932 na kuchukua mpya. Katikati ya karatasi hizo za kura palikuwa na hoja iliyoitwa Pendekezo F, iliyouliza kama jiji liwe na Tume ya Vijana, yaani chombo cha watu wenye umri wa miaka 12 hadi 23 watakaowashauri meya na madiwani juu ya sheria zinazowagusa watoto na vijana. Wapiga kura walikubali. Tangu siku hiyo, wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakitoka darasani, wakipanda basi hadi katikati ya mji na kuketi kwenye viti vya tume kujadili bajeti, polisi, nauli, makazi na shule. Miaka 30 imepita, na chombo hicho hakijakosa wajumbe wala ajenda. Ninachodai katika historia hii fupi ni kwamba Tume haikudumu kwa sababu San Francisco imebahatika kupata viongozi wapenda vijana, ingawa wengine walikuwa hivyo kwelikweli. Imedumu kwa sababu nafasi ya vijana iliandikwa ndani ya katiba ya jiji, ikapewa muda, utaratibu na watumishi, na haikuachwa ining'inie kwenye hisani ya mtu yeyote.

Kuieleza Tume bila kueleza miaka iliyoitangulia ni kumnyima mtoto ukoo wake. Mwaka 1978 wananchi wa jimbo la California walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka kikomo cha kodi ya ardhi na majengo kuwa asilimia 1 ya thamani, na kuzuia thamani hiyo isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Wenye nyumba walishukuru. Mabaraza ya miji yalijikuta na mifuko mitupu, na kama ilivyo kawaida pesa zinapopungua, waliopunguziwa kwanza walikuwa wale wasiopiga kura: viwanja vya michezo, maktaba za shule, shughuli za watoto baada ya masomo. Hapo ndipo shirika la Coleman Advocates, lililokuwa limeanzishwa miaka michache kabla kuwatetea watoto waliofungiwa mahabusu, lilipogeuza macho kutoka mahabusu kwenda kwenye bajeti ya jiji. Lilikuwa na mkurugenzi ambaye jina lake halipaswi kukosekana katika historia yoyote ya watoto wa San Francisco, Margaret Brodkin. Mama huyu na wenzake walifanya jambo ambalo leo linaonekana rahisi na wakati ule halikuwa rahisi hata kidogo. Walichukua kitabu cha bajeti, wakatafuta kila senti inayomfikia mtoto, kisha wakaenda kwa wanasiasa na hesabu mkononi badala ya machozi. Mwaka 1989 Meya Art Agnos alifungua ofisi ya kushughulikia watoto, vijana na familia zao. Mwaka 1991 wapiga kura wakapitisha Pendekezo J, lililotenga sehemu ya kodi ya ardhi na majengo, hatimaye senti 2.5 kwa kila dola 100 za thamani, kwa ajili ya huduma za watoto peke yake. Hakuna mji mwingine mkubwa wa Marekani uliokuwa umefanya hivyo.

Nalitilia mkazo Pendekezo J kwa sababu ndilo lililoufundisha mji somo ambalo Pendekezo F lilikuja kulitumia. Somo lenyewe ni hili: kinachotolewa na meya mmoja kinaweza kuondolewa na meya mwingine, lakini kilichoandikwa na wapiga kura kwenye katiba ya jiji hakifutwi ila na wapiga kura wenyewe. Mwaka 1991 somo hilo lilitumika kulinda fedha za watoto. Mwaka 1995 lilitumika kulinda sauti zao. Kuna jambo jingine la mwaka huo ambalo halisemwi sana. Mwezi Februari 1995 serikali ya Marekani ilitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mpaka leo nchi hiyo haijauridhia. Miezi tisa baada ya saini ile, mji mmoja wa pwani ya magharibi uliandika katika katiba yake jambo ambalo taifa zima lilishindwa kulifunga kisheria. Sidai kwamba saini ile ndiyo iliyozaa kura ile. Nasema tu kwamba mji ulitangulia mahali ambapo taifa lilisita, na wananchi wake wana haki ya kujivunia.

Sasa tuitazame sheria yenyewe, kwa kuwa nguvu ya Tume imo humo. Wajumbe ni 17. Kila diwani, nao ni 11, huteua mmoja. Meya huteua mmoja, kisha huongeza watano kutoka jamii ambazo hazijapata uwakilishi wa kutosha. Hudumu mwaka mmoja na hawalipwi mshahara. Kila mwaka, kabla ya Julai kuanza, hutakiwa kulipa Baraza la Madiwani taarifa ya walichofanya, na taarifa ya kwanza ilidaiwa mwaka 1997. Lakini kifungu ninachokiona kuwa moyo wa yote ni kile kinachosema kwamba Baraza likitaka kutunga jambo linalowagusa zaidi watoto na vijana, lazima jambo hilo lipelekwe kwanza kwa Tume, nayo ipewe siku 12 za kutoa maoni. Siku hizo zikipita madiwani wanaweza kuendelea, wawe wamejibiwa au hawajajibiwa, na mambo ya dharura yameachwa nje. Siku 12 si nyingi, lakini ni siku za kisheria. Zinamlazimu karani kupeleka karatasi, zinamlazimu mwanafunzi kuisoma, na zinamfanya diwani ajue kwamba kabla ya kura yake, kijana wa miaka 16 ameupitia mswada na huenda ameandika kasoro zake kwa jina la Tume. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mabaraza mengi ya vijana duniani hubaki wageni wa siku mbili: hukaribishwa, hupigwa picha na viongozi, huagwa. Katiba ya San Francisco iliwapa vijana jembe, na ikawaonyesha shamba.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kusikia ujana ukihesabiwa hadi miaka 35, ataona ajabu kwamba mlango huu ulifunguliwa kwa mtoto wa miaka 12 na ukafungwa kwa mtu wa miaka 24. Mpaka huo una mantiki yake. Mwenye miaka 30 anapiga kura, anaweza kugombea, anaweza kuchangia kampeni. Mwanafunzi wa sekondari hana lolote kati ya hayo, na ndiye anayepanda mabasi ya jiji, anayekutana na polisi mtaani, anayelala katika nyumba ambayo kodi yake inapanda. Tena San Francisco inajulikana kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani yenye watoto wachache zaidi kwa uwiano, takribani asilimia 13 ya wakazi wake wote. Mahali ambapo nyumba nyingi hazina mtoto, mwanasiasa anaweza kushinda uchaguzi baada ya uchaguzi bila kuwataja watoto. Uchache huo ndio unaoifanya sheria iwe ya lazima zaidi kuliko ingekuwa mahali kwenye watoto tele.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kujenga bila nyumba. Ukumbi wa Jiji, jengo lenye kuba refu linalong'aa, ulikuwa umejeruhiwa na tetemeko la Oktoba 1989, ukafungwa mwaka 1995 ili uimarishwe, na haukufunguliwa tena hadi Januari 1999. Kwa hiyo makundi ya kwanza ya Tume, chini ya Meya Willie Brown aliyeingia madarakani Januari 1996, yalijifunza kazi wakati ofisi za jiji zimetawanyika kwenye majengo mengine. Heshima inawastahili wajumbe hao wa kwanza, ambao hawakukuta kanuni, hawakukuta mfano wa kuiga, hawakukuta hata chumba chao. Walilazimika kutii sheria ileile inayowabana watu wazima. Sheria ya California ya mikutano ya wazi, iliyopitishwa mwaka 1953, inataka ajenda ibandikwe saa 72 kabla ya mkutano, mashauri yafanyike mbele ya umma, na mwananchi yeyote apewe nafasi ya kusema. Vijana hawakusamehewa hata kipengele kimoja, na hilo lilikuwa la heri kwao. Anayebandika ajenda yake kwa wakati, akahesabu akidi, akaandika azimio kwa mtiririko wa hoja na ushahidi, hawezi kuambiwa kwamba anacheza. Inafurahisha kukumbuka kwamba Henry Robert, mhandisi wa jeshi aliyetunga kanuni za mikutano zinazotumika kote Marekani, aliona haja ya kanuni hizo alipohamishiwa San Francisco mwaka 1867 na kukuta watu waliotoka kila pembe wakigombana namna ya kuendesha vikao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Zaidi ya karne moja baadaye, watoto wa mji uleule walikuwa wakijifunza jinsi ya kutoa hoja na kuiunga mkono.

Kisha likaja jambo lililoipa Tume mizizi mitaani. Mwaka 1995 madiwani walikuwa wakichaguliwa na mji mzima. Tangu uchaguzi wa Novemba 2000, kila diwani anachaguliwa na wilaya yake. Uteuzi wa mjumbe wa Tume ukabadilika maana bila sheria ya Tume kuguswa hata neno moja. Diwani wa Bayview alihitaji kijana wa Bayview, wa Sunset alihitaji wa Sunset, na Chinatown, Mission na Excelsior vivyo hivyo. Meza moja ikawakutanisha wanafunzi ambao kwa mpangilio wa mji wasingekutana kamwe, kila mmoja na mtaa wake mdomoni.

Wapo wanaoipinga, nao wanastahili kujibiwa kwa heshima. Pingamizi la kwanza ni kwamba Tume hushauri tu. Haina kura, haina fungu la kugawa, haiwezi kuzuia chochote. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama habari ya nauli. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 shule za umma zilipunguza sana mabasi ya wanafunzi, huku bei ya pasi ya mwezi ya vijana kwenye mabasi ya Muni ikipanda. Mwanafunzi asiye na nauli alibaki nyumbani au alipanda kwa kuvizia, na akikamatwa alipigwa faini. Wajumbe wa Tume waliandika maazimio, wakarudi mwaka uliofuata wakaandika mengine, wakashirikiana na vikundi vya wazazi na wakazi waliokuwa wakidai jambo hilohilo. Machi 2013 jiji lilianza majaribio ya kuwasafirisha bure vijana wa familia zenye kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa dola milioni 6.8 kuendeleza mpango huo, baadaye wenye miaka 18 wakaongezwa, na Agosti 2021 mabasi yakawa bure kwa kila kijana hadi miaka 18 bila kuulizwa kipato. Hakuna anayeweza kudai kwamba Tume peke yake ilileta hayo, na haina haja ya kudai. Ushauri uliorudiwa bila kuchoka, ndani ya kumbukumbu rasmi za jiji, uliwapa wanaharakati hoja na uliwapa madiwani mahali pa kuegemea. Mwenye kura moja kati ya 11 hushindwa mara nyingi. Mwenye hoja iliyoandikwa vizuri huazimwa hoja hiyo na wengi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wajumbe huteuliwa na wanasiasa, na aliyewateua anaweza kuwaondoa, kwa hiyo watakuwa vipaza sauti vyake. Hatari ipo, na mahali pengine imeua vyombo vya namna hii. Lakini hapa wateuzi ni 12, na hawa 12 hawakubaliani wao kwa wao. Kijana aliyeteuliwa na meya hukaa karibu na aliyeteuliwa na diwani anayempinga meya, na kwa sauti yenye sehemu nyingi hivyo ni vigumu kwa mteuzi mmoja kuitawala. Zile nafasi tano za ziada nazo zinafanya kazi ambayo uchaguzi wa shuleni usingefanya. Uchaguzi wa shuleni humpendelea anayejulikana, mzungumzaji, mwenye nafasi ya kufanya kampeni. Kijana aliyelelewa na familia za kambo, aliyewahi kukosa makazi, au aliyeacha shule mapema hupata kiti kwa njia ya uteuzi kwa urahisi kuliko angekipata kwa kura za wenzake. Ndiyo maana umri umefika hadi 23, ili chombo kisiwe cha viranja peke yao.

Hoja ya tatu, kwamba mwaka mmoja ni mfupi na kila kundi huanza upya, naikubali nusu. Kumbukumbu ya Tume haimo vichwani mwa wajumbe. Imo kwenye taarifa za kila mwaka na kwa watumishi wachache wa jiji walioajiriwa kuihudumia, na yalikuwepo majira ambapo watumishi hao walipungua na kazi ikaenda kwa kusuasua. Ilivumilia. Na ufupi huo una faida yake: mwenye miaka 17 anayesema juu ya sekondari anasema juu ya sekondari ya leo.

Jaribu kubwa kuliko yote lilikuwa kura ya miaka 16. Vijana wa Tume walitaka wenye miaka 16 na 17 waruhusiwe kupiga kura katika chaguzi za jiji, kama Takoma Park katika jimbo la Maryland ilivyofanya mwaka 2013. Diwani John Avalos aliibeba hoja yao, na Novemba 2016 wananchi waliulizwa. Asilimia karibu 48 walikubali. Haikutosha. Wajumbe wapya, ambao wengi wao mwaka 2016 walikuwa bado watoto wadogo, walirudi na hoja hiyohiyo kupitia Diwani Norman Yee, na Novemba 2020 asilimia zaidi kidogo ya 49 walikubali. Haikutosha tena. Wapinzani walisema kushindwa mara mbili ni jibu tosha, kwamba mji umesikiliza na umekataa. Mimi naona ushahidi unaelekea kwingine. Karibu nusu ya wapiga kura watu wazima walikubali kugawana kura zao na watoto, tena kwa hoja iliyotungwa na watoto wenyewe, na kadiri hoja ilivyorudi ndivyo iliungwa mkono zaidi. Ng'ambo ya ghuba, Berkeley iliwaruhusu wenye miaka 16 kupiga kura ya bodi ya shule kwa uamuzi wa 2016, na Oakland kwa uamuzi wa 2020. Novemba 2024 wanafunzi wa miji hiyo miwili walipiga kura hizo kwa mara ya kwanza. Kuhusu madai kwamba akili za umri huo hazijakomaa, jibu la San Francisco ni kumbukumbu za mikutano ya miaka 30, zilizo wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma na kulinganisha na za watu wazima.

Miaka ya karibuni nitaitaja kwa kupita, kwani wenye kuiandika vizuri ni wale ambao bado wako shuleni. Mwaka 2014 mfuko wa watoto wa Pendekezo J uliongezewa uhai wa miaka 25. Mwaka 2016 California ilianza kuwaandikisha mapema wapiga kura wenye miaka 16. Juni 2019 Baraza la Madiwani liliamua kwa kura 10 dhidi ya 1 kwamba mahabusu ya watoto ifungwe kufikia mwisho wa 2021, uamuzi ambao utekelezaji wake umechukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulihamishia mikutano kwenye video, na kazi haikusimama. Mameya wamepita: Newsom, Lee, Farrell, Breed, na tangu Januari 2025 Daniel Lurie. Novemba 2024 wapiga kura walipitisha Pendekezo E, lililounda kikosi cha kupitia tume zote za jiji na kupendekeza zipi zibaki, zipi ziunganishwe. Tume ya Vijana haiogopi kupimwa. Imekuwa ikitoa hesabu yake kila mwaka tangu 1997.

Shukrani ziwaendee waliokusanya saini, waliohesabu bajeti, waliofundisha jinsi ya kuandika azimio, wazazi waliosubiri nje ya jengo usiku, na walimu waliokubali kazi ya nyumbani ije siku moja baadaye. Mikutano hufanyika Jumatatu ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa 11 jioni, baada ya shule kufungwa, katika chumba namba 416 cha Ukumbi wa Jiji. Mlango uko wazi kwa kila mtu, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema.